Kati ya joho na mshahara wa kwanza: hesabu za binti wa HKL anayetaka kuandika

Binti ana miaka ishirini, wa Muheza mkoani Tanga. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, akapata daraja la pili. Baba ana shamba la michungwa na huwauzia wachuuzi wanaoshusha mzigo Dar es Salaam. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyuma yake wapo wadogo wawili, mmoja anaingia kidato cha kwanza. Anachokitaka amekisema tangu kidato cha tatu: kuandika. Baba yake mkubwa, ambaye ni jirani yangu hapa Dar, ndiye aliyeniita nikae nao kikao, kwa kuwa mimi ni mhariri wa vitabu. "Wewe ndiye unayejua kama hii kazi inalisha," aliniambia. Majina nimeyaacha; hesabu ni zilezile tulizozipiga mezani.

Familia ilikuja na maswali mawili. Ada ni kiasi gani? Akimaliza atalipwa ngapi? Ni maswali ya kila mzazi na yote mawili yana majibu. Ila tulipofika mwisho wa hesabu, pesa nyingi zaidi tuliikuta kwenye swali ambalo hakuna aliyekuja nalo: atakaa nyumbani muda gani kati ya siku ya kuvaa joho na siku ya mshahara wa kwanza?

Ada ndiyo sehemu ndogo

Shahada za sanaa kwenye chuo kikuu cha umma jijini zina ada ya kama milioni moja kwa mwaka, na masomo ni miaka mitatu. Baba akajumlisha kichwani: milioni tatu. Akashusha pumzi. Kwa mkulima wa machungwa milioni tatu si ndogo, lakini ni pesa anayoweza kuipigia picha, miti ikizaa vizuri na bei isipoanguka.

Tatizo ni kwamba mtoto haishi kwa ada. Anakula, analala, anapanda daladala. Bodi ya Mikopo, HESLB, tangu mwaka wa masomo 2022/23 inahesabu chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hii ndiyo wanafunzi wanayoiita bumu, na aliyewahi kukaa chuo anajua jinsi watu wanavyoisubiri siku ya kusaini. Tukachukua siku 240 za masomo kwa mwaka: milioni 2.4. Kwa miaka mitatu, milioni 7.2. Ongeza ada milioni 3, ongeza vitabu na viandikio 200,000 kila mwaka. Jumla milioni 10.8. Yaani ile ada iliyomshughulisha baba wiki nzima haifiki hata theluthi ya gharama.

Na bado kuna vidogovidogo ambavyo mkopo hauvigusi: bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 kwa mwaka, ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000, usajili, nauli ya Muheza kwenda na kurudi, na kompyuta mpakato, ambayo kwa mtu anayesema anataka kuandika haiwezi kuitwa anasa. Mama aliandika vyote kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni, kila kitu mstari wake. Baba mkubwa akasema kompyuta ataibeba yeye. Hapo kikao kilipata nguvu.

Tuliweka hesabu kwa kudhani mkopo utatoka kamili. Kwa kawaida hautoki hivyo kwa kila mtu. Bodi huangalia uwezo wa familia, na mtoto wa mwalimu aliye kazini hawezi kujifananisha na yatima au mtoto wa kaya maskini inayohudumiwa na mfuko wa TASAF. Pia kozi za sanaa ziko nyuma ya udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi kwenye vipaumbele. Kwa hiyo nilimwambia baba aweke akiba ya kulipa sehemu ya ada mwenyewe, hata kama barua ya Bodi itakuja na habari njema.

Kuhusu deni lenyewe nilikuwa na la kusema, maana mama aliliogopa kupita kiasi. Zamani mkopo huu ulikuwa unakua: asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani, na faini ya asilimia 10 kwa aliyechelewa. Vyote viwili viliondolewa mwaka 2021. Kilichobaki ni asilimia 1 ya uendeshaji, mara moja. Kwa hiyo milioni 10.8 inakuwa milioni 10.908 na inakaa hapohapo, huku shilingi zenyewe zikizidi kushuka thamani mwaka hadi mwaka. Ukiiweka kando ya mikopo ya kausha damu inayozunguka mitaani kwetu, sijui deni jingine la bei nafuu hivi ambalo kijana wa miaka ishirini asiye na dhamana anaweza kulipata. Kulikimbia deni hili na kuuza kipande cha shamba badala yake lingekuwa kosa, na wazo hilo lilikuwepo mezani.

Mshahara wa kaka yake

Kaka yake, mtoto wa baba mkubwa, alisoma mawasiliano ya umma. Ameajiriwa kwenye kampuni binafsi kama afisa mawasiliano: anaandika taarifa kwa vyombo vya habari, matangazo ya mtandaoni, hotuba za mkurugenzi. Kwa maana nyingine, yeye tayari analipwa kwa kuandika. Alitufungulia hati yake ya mshahara kwenye simu na tukaipitisha mkono kwa mkono.

Mshahara wa msingi 600,000. Mstari wa kwanza wa makato, NSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 10: 60,000. Inabaki 540,000 inayotozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, jumla 24,000. Halafu HESLB: 90,000. Kinachoingia benki ni 426,000.

Mama aliisoma mara mbili. "Shemeji, hii HESLB wanaipiga kwenye mshahara kabla haujakatwa kitu?" Ndiyo. Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya kinachobaki mkononi. Marekebisho ya sheria ya 2016 ndiyo yaliyoipandisha kutoka asilimia 8. Kwenye hati ile makato ya Bodi yalikuwa karibu mara nne ya kodi ya Serikali, jambo ambalo kijana mwenyewe alisema hakuwahi kuliangalia hivyo.

Kwa mwendo wa 90,000 kwa mwezi, milioni 10.908 inamalizika baada ya miezi 121 hivi. Miaka kumi. Angekuwa na mshahara wa milioni moja angekatwa 150,000, akamaliza kwa miaka sita, na bado angebaki na 647,000 mkononi. Deni halibadiliki, kinachobadilika ni muda utakaobaki nalo, na huo unaamuliwa na kazi utakayoipata. Ikumbukwe pia kwamba tangu Julai 2025 kima cha chini serikalini ni 500,000. Msomi wa shahada kwenye kampuni binafsi, mwenye kadi ya kazi yenye picha na cheo kizuri, yuko laki moja tu juu ya mtumishi wa chini kabisa wa Serikali.

Sasa ubavu wa pili wa mizani. Rafiki wa baba ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga mjini na alikuwa tayari kumchukua binti auze kaunta kwa 180,000 kwa mwezi, akikaa kwa shangazi yake bila kulipa kodi. Baba alilitaja hili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kulileta mbele ya mwanawe. Hakuwa na sababu ya kuona aibu. Miezi 36 ya chuo ni shilingi milioni 6.48 ambazo binti hatazipata dukani. Hizo ni gharama za shahada sawasawa na ada, ingawa hakuna risiti yake.

Tuseme akibaki dukani baada ya miaka hiyo mitatu atakuwa anapata 250,000. Akihitimu na kupata kazi kama ya kaka yake anaingiza 426,000, mkopo ukiwa umeshakatwa humohumo. Tofauti ni 176,000 kwa mwezi. Milioni 6.48 anairudisha kwa miezi 37 hivi, na kuanzia hapo yuko mbele maisha yake yote. Baba akatabasamu. Si mbaya.

Lakini hesabu hiyo ina uongo ndani yake: inadhani anavua joho leo na kesho yuko ofisini. Kaka yake alikaa miaka miwili bila kazi. Kila mwaka wa kukaa ni milioni 3 za dukani ambazo hazikuingia. Miaka miwili, milioni 6. Shimo linakuwa milioni 12.48, na kwa tofauti ileile ya 176,000 linajazwa kwa miezi 71, karibu miaka sita. Miaka miwili ya kusubiri imegharimu mara mbili ya ada yote ya chuo. Na Bodi inatoa miezi 24 tu baada ya masomo. Zikiisha, deni linaanza kudaiwa, kazi iwepo isiwepo. Aliyejiajiri anatakiwa alipe angalau 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Kwa mwandishi anayelipwa mwezi huu na kukosa miwili inayofuata, hiyo laki moja ni nzito kuliko 90,000 za mwajiriwa.

Kuanzia hapo tuliacha kuuliza kozi ipi ina mshahara mkubwa. Tukauliza ipi itamfanya asubiri kidogo.

Milango iliyokuwepo

Binti alikuwa amesoma mtandaoni habari za vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya uandishi wa kubuni, kama Chuo Kikuu cha Iowa ambacho warsha yake ya waandishi ilianza 1936, akadhani na hapa angekuta kitu cha aina hiyo. Kwa uhalisia, mwenye HKL anayetaka kuandika anajikuta mbele ya Kiswahili na fasihi, uandishi wa habari, au ualimu wenye masomo ya lugha. Sanaa za maonyesho tuliitaja tukaiacha, kwa kuwa mwenyewe haitaki.

Uandishi wa habari una jambo moja la pekee: ni mahali ambapo karatasi inatakiwa na sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake za 2017, zinamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na sifa ya chini ni stashahada. Angalia vizuri: stashahada, si shahada. Miaka miwili ya stashahada inafungua mlango uleule wa kisheria kwa muda mfupi zaidi. Kwa hesabu yetu ya kusubiri, hilo lilipaswa kuwa jibu. Halikuwa, kwa sababu mbili. Mikopo ya stashahada, iliyoanza kutolewa 2023/24, imelenga fani kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo na usafirishaji. Ya habari ingemtoka baba mfukoni yote. Sababu ya pili ni hali ya vyumba vya habari vyenyewe. Kamati iliyoundwa Januari 2023 chini ya Tido Mhando kuchunguza uchumi wa vyombo vya habari ilikuta waandishi wengi wanafanya kazi bila mikataba. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli ya bodaboda ni yake. Mlango unafunguka haraka, ila ndani hakuna kiti.

Kiswahili na fasihi ndiyo kozi ya moyo wake, na mimi binafsi ningependa nchi hii iwe na vijana wengi zaidi wanaoisoma kwa kina. Soko lake si bovu kama watu wanavyodhani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na tangu hapo kuna lundo la sheria na hukumu la kutafsiri. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, inawatambua na kuwasajili wafasiri na wakalimani. Yote hayo ni kazi za kulipwa kwa kuandika Kiswahili sanifu. Shida ni kwamba hakuna tangazo la ajira linalosema "anatakiwa mwenye shahada ya fasihi". Lazima ajitengenezee jina kwanza, na kujitengenezea jina ndiyo kusubiri kwenyewe. Njia ya moja kwa moja ni kubaki chuoni kama mhadhiri msaidizi mkufunzi, na huko wanataka GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.8. Wanaoifikia ni wachache, nafasi zenyewe ni chache kuliko wao.

Ualimu ndio mama aliokuwa anautaka tangu mwanzo, kwa sababu ambayo sikukubaliana nayo. Alikuwa anawaza ajira ya Serikali, kwamba mwalimu mwenye shahada anaanza kwa zaidi ya laki saba na ana uhakika. Uhakika huo ulikuwa wa zamani. Kuna kipindi walimu wa masomo ya sanaa wa sekondari walizidi mpaka Serikali ikawahamishia shule za msingi. Nafasi mpya zinapotangazwa, hisabati na sayansi ndizo zinazoitwa kwanza. Kumpeleka mtoto akasome ualimu wa Kiswahili kwa kutegemea portal ya Ajira, mtandao wa kuombea kazi za Serikali, ni kumpeleka kwenye foleni ndefu kuliko ile ya kaka yake.

Lakini kuna kitu mama hakukitaja. Shahada ya ualimu ya sanaa ina miaka ileile mitatu, na ada yake haina tofauti ya kumfanya mtu abadili mawazo. Ndani yake anasoma masomo mawili, kwa binti huyu Kiswahili na Kiingereza. Mtu mwenye lugha zote mbili kwa kiwango cha shahada anaweza kufundisha shule binafsi, ambazo haziajiri kupitia portal bali kwa mwalimu mkuu kukuona darasani. Mazoezi ya kufundisha yanamtia ndani ya shule kabla hajamaliza chuo. Na lugha mbili ndizo zinazomfanya mtu kuwa mfasiri. Fasihi ya Kiswahili peke yake haimfanyi. Gharama ni ileile, ila walipaji wanaoweza kumlipa mwaka wa kwanza ni wa aina mbili badala ya mmoja.

Nani analipa sentensi

Hapa ndipo binti, aliyekuwa amekaa kimya kwa adabu, aliponiambia, "Mjomba, naomba nikuonyeshe kitu." Akatoa daftari la mraba, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Alikuwa anauza simulizi WhatsApp. Sehemu tano za mwanzo bure, zinazofuata unalipia 2,000 kwa M-Pesa ndipo unaingizwa kwenye kundi. Daftari lilikuwa na orodha: herufi mbili za jina, tarehe, alama ya vema. Wasomaji 61 kwenye simulizi moja. Shilingi 122,000, kwa kazi ya miezi mitatu. Pembeni kwa kalamu nyekundu aliandika majina ya watu watatu aliowashuku kuwa ndio waliosambaza sehemu za kulipia kwenye makundi mengine. Sehemu ya kumi na nne, ambapo mume anarudi na kukuta kitasa kimebadilishwa, ndiyo iliyoleta walipaji wengi kwa usiku mmoja, na yeye anajua ni kwa nini: alikatisha mlangoni.

Nilifurahi kuliona daftari lile kuliko ningefurahia cheti. Hakuna hata mmoja kati ya wale 61 aliyemuuliza amesoma chuo gani. Wakati huohuo 122,000 kwa miezi mitatu ni kama 40,000 kwa mwezi, na dukani Tanga alikuwa anaahidiwa 180,000. Vyote viwili ni kweli, na nilitaka baba yake avione pamoja.

Kitabu cha kuchapishwa kinalipaje? Nilimpa mfano wa namna ninazoziona kazini. Riwaya inauzwa 10,000, mrabaha asilimia 10, nakala 1,000 ziishe: shilingi milioni moja. Inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye mrabaha, inabaki 850,000. Nakala elfu moja za riwaya ya mwandishi asiyejulikana haziishi mwaka mmoja. Pesa yote hiyo ni kama makato ya HESLB ya miezi tisa ya kaka yake. Palipokuwa na pesa nzuri zamani ni vitabu vya shule, lakini tangu Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi walipoteza mkate wao mkubwa, na waandishi wao pia.

Tuzo zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, inampa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, wa pili milioni 7, wa tatu milioni 5. Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ina dola 5,000 kwa mshindi wa riwaya na nyingine kama hizo kwa mshairi. Milioni 10 ni karibu deni lote la binti kwa mpigo. Baba aliuliza washindi ni wangapi kwa mwaka, kisha akacheka mwenyewe kabla sijajibu. Ajaribu, nikasema, gharama ya kutuma mswada ni ndogo, ila isiingie kwenye bajeti.

Na hao Wamarekani wenye shahada za uandishi? Takwimu za Idara yao ya Kazi za Mei 2023 zilionyesha mshahara wa kati wa waandishi kuwa dola 73,690 kwa mwaka. Lakini humo wanahesabiwa walioajiriwa: watu wa matangazo, wa maandishi ya kampuni, wa hotuba. Chama chao cha waandishi, Authors Guild, kilipowauliza waandishi wa vitabu wa muda wote mapato yao ya 2022, kipato cha kati kutoka kwenye vitabu kilikuwa dola 10,000; ukiongeza kazi nyingine za uandishi, 20,000. Nusu yao walikuwa chini ya hapo, kwenye nchi yenye maduka mengi ya vitabu. Kote kuwili anayelipwa vizuri kwa kuandika anamwandikia mtu mwingine.

Kwetu haijawahi kuwa tofauti. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na baadaye akaendelea na ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Kezilahabi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Sioni haja ya kulisikitikia hilo. Karani mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kuandika anachokitaka. Mwandishi anayedaiwa kodi ya chumba anaandika anachoagizwa.

Wanaolipa sentensi za Kiswahili leo, kwa jinsi ninavyowaona wakipita ofisini kwetu, ni hawa: mashirika yanayotaka ripoti na vipeperushi vitafsiriwe, kampuni zenye kurasa za mitandao ya kijamii, watayarishaji wa tamthilia za Azam na Maisha Magic Bongo wanaohitaji miswada kila wiki, na watu wazima wanaotaka kuandikiwa kumbukumbu zao. Wa tamthilia ndio waliomfaa binti zaidi. Mtu anayejua kukatisha sehemu ya kumi na nne mlangoni ana kitu wanachokitafuta. Malipo ya kazi za huduma kwa kawaida yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na mengi huchelewa. Tafsiri rahisi tayari zinaliwa na programu za kompyuta. Zinazobaki ni zile za sheria, afya na dini, ambako kosa moja linaleta kesi au ugomvi, kwa hiyo mteja anataka mtu wa kumlaumu.

Walichoamua

Walichagua ualimu, Kiswahili na Kiingereza. Nadhani ni uamuzi sahihi, ingawa mama bado anaamini ni kwa sababu ya Serikali na sikuona faida ya kubishana naye mpaka usiku. Kama binti angekuwa na ndugu kwenye nyumba ya uzalishaji, au angekuwa na wasomaji 600 badala ya 61, ningemshauri Kiswahili na fasihi bila kusita, maana asingesubiri. Kama familia isingekuwa na shangazi Tanga wala mshahara wa mama, ningesema duka kwanza kwa mwaka mmoja, chuo baadaye. Nafasi ya chuo inaombwa tena, mwaka wa njaa chuoni haurudishwi.

Baba aliweka masharti mawili. Simulizi zisisimame, na daftari aletewe kila likizo alikague. La pili, binti asisubiri mahafali ndipo aanze kutafuta: kuanzia mwaka wa pili awe na angalau mteja mmoja wa tafsiri au mswada mmoja alioupeleka kwa watayarishaji, hata akilipwa kidogo. Hilo la pili ndilo nililolipigania mimi. Mwaka wa pili bumu bado linaingia, kwa hiyo kukosea ni bei rahisi. Mwaka wa kwanza baada ya joho kila mwezi wa kukosea ni 250,000.

Mfanyabiashara wa Tanga ameombwa amchukue binti kwa miezi michache hii kabla vyuo havijafunguliwa, na amekubali kwa 180,000 zilezile. Cheti cha kuzaliwa kimepelekwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kuhakikiwa, maana Bodi haipokei kisichohakikiwa, na 30,000 za maombi ya mkopo zimelipwa. Waliloshindwa kukubaliana ni kiasi cha ada ambacho baba atakiweka kando endapo mkopo utatoka nusu: yeye anasema 400,000 kwa mwaka zinatosha, mama anasema 600,000, na wote wawili wanasubiri bei ya machungwa ya msimu huu.